Isale la Paka

Kwanza tuelewane. Mimi Elimringi sikumuua paka. Niliwawekea panya sumu, panya mmoja akala, halafu paka akamla yule panya. Sasa hapo muuaji ni nani? Ukipanga vizuri utaona mimi ni mtu wa tatu kwenye foleni. Lakini watu wa Mwika hawapangi vizuri. Wanasikia nusu ya habari kwenye kilabu cha pombe ya mbege, nusu ya pili wanaitunga wenyewe njiani wakirudi nyumbani.

Mwaka huo, tisini na nne, panya walikuwa wamenidharau kabisa. Walikula mahindi ya mbegu, wakala kona za kitabu changu cha nyimbo, wakala kamba za viatu vyangu vya kanisani. Paka tulikuwa naye, tena mkubwa, lakini kazi alikuwa hafanyi. Mke wangu Mektrida alimwita Mwenyekiti kwa sababu alikuwa mnene, analala kwenye kila mkutano, na akiamka anaulizia chakula. Nikaona nisimtegemee, nikashuka Moshi. Siku hizo za biashara huria pale stendi uliuziwa kila kitu, kuanzia sidiria mpaka dawa ya kuotesha ndevu, na jamaa mmoja mwenye kipaza sauti alikuwa anauza sumu ya panya kwenye pakiti zenye maandishi ya kigeni ambayo hata yeye hakuyajua. Kwenye pakiti kulikuwa na picha ya panya amelala chali. Picha ya paka haikuwepo, na hilo nalisisitiza.

Siku ya tatu nikamkuta Mwenyekiti nyuma ya banda la ng'ombe, amekakamaa.

Sasa kosa langu linaanzia hapa, na sitalificha kwa sababu nimeshalificha vya kutosha. Nilimfukia chini ya mgomba pamoja na ile pakiti tupu, nikasawazisha udongo, nikatandaza majani makavu juu yake, nikaingia ndani nikanywa chai. Mektrida aliporudi na mzigo wa majani ya ng'ombe akauliza, "Baba Calvin, umemwona Mwenyekiti?" Nikamjibu bila hata kuinua kichwa, "Atakuwa amefuata majike."

Siku kumi, jamani. Siku kumi mke wangu alimtafuta yule paka. Kila jioni tukishakamua alichukua kibakuli cha maziwa akapita kwenye migomba yetu, akapita kwenye migomba ya majirani, akateremka mpaka mferejini. Na mimi nikaenda naye. Ningefanyaje? Ningekaa ndani angenishuku. Basi tukatembea wawili, yeye mbele anaita, "Mwenyekiti! Mwenyekiti!" na mimi nyuma naitikia, "Mwenyekiti!" kwa sauti ya mtu aliyefiwa, mpaka wapita njia wakadhani kuna jambo limempata mwenyekiti wa kijiji. Watu wawili walikwenda kwake kumpa pole.

Jumapili iliyofuata sala ya jumuiya ilikuwa nyumbani kwetu. Tuko uani, watu kama ishirini, na binamu yangu Theodory, ambaye ni mzee wa kanisa na jirani yangu, amesimama anafunga kwa sala ndefu. Katikati ya sala mbwa wake akatokea shambani amembeba Mwenyekiti mdomoni. Akamweka chini miguuni pa Mektrida, na ile pakiti ya sumu imemgandia ubavuni, picha ya panya juu. Theodory alikuwa amefumba macho. Akaendelea kuwaombea wagonjwa na wasafiri kwa dakika nzima hakuna anayemwitikia.

Mektrida hakupiga kelele. Aliniangalia, akaangalia paka, akaniangalia tena. Akaingia ndani, akafunga nguo zake kwenye shuka, akaenda kwa kaka yake Filemon, Marangu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na hakuniaga.

Kwetu Uchaggani ukimkosea mtu kosa la kweli huendi na mdomo mtupu. Unakata isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya mashamba, unampelekea, au unamtuma mtu mzima akupelekee. Aliyepelekewa isale hawezi kukataa kusamehe. Limemaliza ugomvi wa ardhi, limemaliza hata kesi za damu, sembuse paka. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi. Nilimtuma Theodory na isale bichi, mimi nikabaki naosha vyombo ili mke wangu akute pasafi.

Jioni Theodory akarudi peke yake, isale mkononi.

"Amekataa?" nikauliza.

"Hajakataa. Isale halikataliwi, na yeye analijua hilo kuliko wewe. Amesema limekosea anwani. Apelekewe aliyekosewa."

"Aliyekosewa ni paka!"

"Ndivyo alivyosema."

"Theodory, paka amekufa!"

"Nikamwambia. Akasema hilo ni shauri la waliomuua." Akakaa chini akavua kofia. "Amesema siku nyumba hii itakapokuwa na paka aliyekubali kuishi humu, ndipo atakuja kuangalia. Na usinitume tena. Shemeji alinitazama kama mimi ndiye niliyemlisha sumu."

Hiyo ilikuwa mwisho wa Novemba. Krismasi kila Mchagga aliyeko duniani anapanda kwao, na watoto wangu watatu walikuwa wanakuja kutoka Dar, Calvin mkubwa na wadogo zake, na wake na waume na wajukuu. Wakinikuta peke yangu na sufuria lililoungua nitawaambia nini? Kwamba mama yenu ameniacha kwa ajili ya paka? Aibu hiyo, hata hivyo, ningeibeba, maana nimewahi kubeba kubwa zaidi. Kilichonishinda ni jioni. Nikishakamua nilikuwa nasimama uani na ndoo mkononi sijui niende wapi. Nasema wazi, nilimkumbuka mke wangu mpaka chai ikawa haina ladha, na nilikuwa natia vijiko vinne vya sukari.

Basi nikaanza kutafuta paka. Mwika nzima hakuna aliyenipa. Mlango wa kwanza niliambiwa paka hajazaa. Wa pili niliambiwa amezaa lakini wote wameahidiwa watu, na ninawaona sita hapo hapo mlangoni wananitazama. Mama mmoja aliponiona naingia kwake aliwaita paka wake ndani akafunga mlango.

Nikakumbuka Njoro. Huko Moshi mjini, mtaa wa Njoro, kuna Singasinga mmoja anaitwa Tejinder, fundi wa mashine za kusaga, na mke wake Jasvinder anafuga paka kwenye karakana. Nikavaa koti, nikateremka. Jasvinder amezaliwa Moshi, Kiswahili chake ni safi kuliko changu, na Kichagga cha kusalimia anakijua.

"Shimboni, meku," akaniamkia. Nikaitikia, nikamwambia nimekuja kuomba paka. Hakunipa paka. Alinipa kiti, akavuta chake, akakaa mbele yangu.

"Umewahi kufuga?"

"Ndiyo, mama."

"Yuko wapi?"

"Alikufa."

"Kwa nini?"

"Uzee."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Minne."

Akanitazama. Nikaona niongeze kidogo. "Kule kwetu wanazeeka mapema, mama. Ni baridi ya mlimani."

Uongo huo nilikuja kumtapikia mwenyewe mwaka mpya ulipoanza, na alichonijibu, kwa lugha tatu, hakiandikiki. Lakini siku ile alinyanyuka tu akaniletea paka wadogo wawili wa kijivu, mapacha, wamezaliwa chini ya injini. Tejinder ndiye aliyewapa majina. Mmoja Dizeli, mwingine Petroli.

"Unawatofautishaje?" nikamuuliza Jasvinder.

"Siku nyingine hata mimi nawakosea. Wewe nitakupa Dizeli, ndiye mwenye roho ngumu. Lakini sikupi leo. Nitamleta mwenyewe Jumamosi nikaone anakokwenda. Andaa nyumba." Akaanza kunihesabia masharti, na mimi nikawa naitikia kama mwanafunzi wa kipaimara. Nyumbani kusiwe na sumu, hata harufu yake. Awe na pa kulala penye joto. Awekewe sanduku la majivu la kujisaidia, kwa sababu wiki mbili za mwanzo hatoki nje, akitoka atapotea akitafuta kwao. Asifokewe. Tena awe na kitu cha kujificha ndani yake mpaka atakapozoea. "Na mama yupo nyumbani?" akamalizia.

"Yupo," nikasema. Huo ulikuwa uongo wa pili, na kiti kilikuwa hakijapata joto.

Kuandaa nyumba. Mimi maisha yangu yote nimewaandalia makazi ng'ombe. Ng'ombe wa Uchaggani hatembei, analetewa kila kitu bandani, na banda zuri nalijua hata nikiwa nimelala. Kwa hiyo nilijenga banda. Niliweka kibanda cha mbao pembeni ya chumba chetu cha kulala, sakafu yake imeinama kidogo ili mkojo uteremke, nikatandika majani makavu ya mgomba, nikachonga hori la maziwa, hori la pili la maji, na nikapigilia kigingi cha kumfungia. Kamba nikasokota laini ili isimkate shingo. Pakiti mbili za sumu zilizobaki darini nikazitumbukiza chooni, nikafagia dari, nikapiga deki mara mbili. Theodory alikuja akakagua akasema hata yeye angelala humo.

Jumamosi Jasvinder akafika na pikapu ya karakana, kikapu mapajani. Akaingia, akaangalia banda. Akaangalia hori. Akashika kigingi akakitikisa.

"Mzee," akasema, "unamtegemea atoe lita ngapi?"

Akacheka mpaka akakaa kitandani. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeumia kidole gumba na lile hori. Akaling'oa banda lote kwa mikono yake, akaomba sanduku. Nikaleta sanduku la sabuni. Akaomba majivu, nikaleta. Akaniambia nipake siagi kidogo kwenye nyayo za paka, akijilamba atasahau safari. Siagi sikuwa nayo, anayetengeneza siagi nyumba hii alikuwa Marangu, nikampaka mafuta ya kupikia ya kopo, tena kwa ukarimu. Dizeli alipowekwa chini alivuka sakafu ya saruji kwa tumbo, akagonga kabati, akaingia chini ya kitanda.

"Sasa lete nguo yenye harufu ya mtu atakayemlea," Jasvinder akasema. Nikampa koti langu. Akalinusa akanirudishia. "Hili linanuka mbege. Lete ya mama."

Mektrida alikuwa ameondoka na nguo zake zote isipokuwa sweta moja, la kukatia majani, lililokuwa linaning'inia bandani kwa ng'ombe. Kila asubuhi nilikuwa nalipita. Nikaenda nikalitoa kwenye msumari, na nikasimama pale nimelishika usoni kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Lilinuka majani na maziwa na yeye. Nilitamani kulia, na sioni sababu ya kusema vingine. Nikampelekea Jasvinder, akalitandika kwenye sanduku, akalisukuma chini ya kitanda.

"Mama mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kwa kaka yake. Anauguza."

Aliniangalia, akaangalia sufuria langu jikoni, lililokuwa limeungua mpaka mkono. Nadhani alielewa nusu. "Mpe pole," akasema. "Na wewe pole." Akaondoka.

Siku tatu Dizeli hakutoka chini ya kitanda. Maziwa nilisukuma kwa fimbo, akanywa nikishatoka. Majivu aliyatumia usiku. Usiku mzima nilimsikia analia humo chini anaililia karakana, na mimi juu nimelala macho, wanaume wawili nyumba moja hakuna aliyekubali kuishi humo. Sharti la Mektrida lilikuwa hilo hilo, paka aliyekubali. Krismasi ilikuwa imebaki majuma mawili.

Siku ya nne Theodory akaja na wazo. Wazo la Theodory ukiliona kwa mbali, funga mlango, lakini nilikuwa nimechoka.

"Isale halijafika kwa mwenyewe," akasema. "Ndiyo sababu. Shemeji alisema apelekewe aliyekosewa. Yule amekufa, sawa, lakini huyu si amerithi nafasi yake? Amelala pale pale, anakula pale pale. Akipokea isale, jambo limekwisha kisheria."

"Wewe ni mzee wa kanisa, Theodory."

"Kanisa halijazungumzia paka."

Tukakata isale bichi mpakani. Theodory akavaa koti lake la Jumapili. Akapiga magoti mbele ya kitanda, na mimi kando yake, makalio yetu mawili yakiangalia mlango, na akaanza kwa sauti ile ile ya kwenye posa. "Bwana Dizeli, sisi ukoo huu tumekuja mbele yako. Ndugu yetu huyu alimkosea aliyekutangulia. Hakukusudia, lakini alikosea, na akaficha. Tunaomba ulipokee hili." Akalisukuma isale chini ya kitanda, jani likitikisika.

Tukaona mkono wa kijivu unatoka, unaligusa jani. Mara ya pili. Kisha kichwa kikatoka, kisha paka mzima akatoka, mara ya kwanza kwa siku nne, akalikumbatia isale kwa miguu yote minne akaanza kulitafuna.

"Amepokea!" Theodory akanong'ona. Machozi yalimlengalenga, haki ya Mungu. "Elimringi, amepokea! Analila kabisa! Sijawahi kuona mtu anasamehe namna hii."

Tukashikana mikono pale chini. Nikatoa mbege. Tukanywa kwa furaha, Dizeli anaendelea na jani lake, na tukakubaliana kesho yake Theodory aende Marangu na habari njema.

Hata kibuyu hatujamaliza, Dizeli akaacha kutafuna. Mate yakaanza kumtoka, mengi, povu kabisa. Akayumba hatua mbili, akatapika, akatapika tena, akalala ubavu macho nusu wazi. Nilimwita hakugeuka. Nilipomwinua alikuwa mlegevu mkononi mwangu kama soksi iliyoloa, na mtu aliyeshawahi kuona hali hiyo hahitaji kuelezwa.

"Isale limemuua," nikasema.

"Isale haliwezi kuua," Theodory akasema, lakini alikuwa ameshasogea mlangoni. Kisha akarudi akaniambia polepole, "Sikiliza. Kule Njoro si kuna pacha wake? Wewe mwenyewe ulisema hata mama anayewafuga anawakosea. Huyu tumfukie sasa hivi, tena chini sana. Mbwa wangu nitamfunga. Kesho unashuka, unasema umependa uwe nao wawili, unarudi na Petroli. Nani atajua?"

Nitakuwa mkweli. Nililifikiria. Nililifikiria kwa muda wa kutosha hata kuchagua mgomba. Nilishaona kabisa nitakavyosawazisha udongo na kuingia ndani kunywa chai, na nilipojiona hivyo nilijichukia mno. Nikamwingiza Dizeli kwenye kikapu juu ya lile sweta, nikavaa viatu vilivyokuwa karibu.

"Unaenda wapi?"

"Marangu."

"Kufanya nini?"

"Kusema."

"Umechanganyikiwa," Theodory akasema. "Kusema ndiko kutakakokumaliza."

Barabarani nikapata pikapu ya ndizi inayoelekea Marangu. Dereva akauliza nimebeba nini. Nikamwambia paka, nimemuua, ni wa pili, nampelekea mke wangu. Hakuniuliza swali lingine mpaka tunafika.

Mektrida alikuwa uani kwa Filemon anamenya ndizi za mtori, Filemon mwenyewe kwenye kigoda anasikiliza redio. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Yote yakapotea. Sikusalimia hata shemeji.

"Mama Calvin," nikasema, "nimeua paka mwingine. Ni leo, ni sasa hivi, hajapoa. Sikumfukia. Nilimpa isale akalila. Kuna pacha wake ningeweza kumleta usingejua, na nililifikiria, nakwambia ukweli nililifikiria, lakini nimemleta huyu huyu."

Akaweka kisu chini. Akafuta mikono, akaja akafunua kikapu, akaliona sweta lake kwanza. Akaingiza mkono akamshika paka tumbo. Dizeli akainua kichwa, akanitazama mimi, akatapika jani zima la isale juu ya viatu vyangu. Kisha akaanza kujilamba mkono.

"Huyu hajafa," Mektrida akasema. "Huyu ana kichefuchefu. Nani amekwambia paka anakula masale?"

"Theodory alisema amesamehe."

Filemon akazima redio ili acheke vizuri. Mektrida hakucheka. Alimletea Dizeli maji kwenye kifuniko, akangoja mpaka akanywa, akarudi akakaa mbele ya ndizi zake, na kisu hakukishika.

"Elimringi," akasema. Jina langu alikuwa halitaji isipokuwa kwenye misiba. "Unafikiri mimi nilimlilia paka?"

"Ndiyo."

"Paka nilimlilia siku mbili. Mimi nilikuwa nakuona zile jioni kumi. Unakanyaga tope na viatu vya kanisani, unainama chini ya mibuni, unaita. Miaka thelathini na moja sijawahi kukuona unatafuta kitu changu. Hata pete yangu ilipopotea hukuinuka kwenye kiti. Nikasema moyoni, kumbe huyu mwanamume ananipenda, na sikuwa najua. Nikawa nakamua haraka haraka ili jioni yetu ifike. Halafu akaja mbwa. Kumbe ulikuwa unaigiza. Zile jioni zilikuwa zangu, ukazifanya uongo. Hilo ndilo nililoondoka nalo."

Nilisimama pale na matapishi kwenye viatu. Kulikuwa na jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu yeyote, hata Theodory, hata mimi mwenyewe sawasawa, na nilikuwa naona aibu nalo kuliko paka wote wawili.

"Siku ya pili nilitaka kukwambia," nikasema. "Haki ya Mungu, Mektrida. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Tulikuwa pale mferejini, ukakaa kwenye jiwe, ukaanza kunihadithia habari za shangazi yako na yule mwinjilisti, tukacheka mpaka ukamwaga maziwa ya paka. Nikasema, nikimwambia leo, kesho hatutatoka. Nikanyamaza. Siku ya tatu nikanyamaza tena. Paka nilijua alipo. Kuita nilikuwa naigiza, ni kweli. Kutembea sikuigiza."

Filemon akaacha kucheka. Akachukua redio yake akaingia ndani, na kwa jambo hilo namheshimu mpaka leo.

Mektrida akaokota ndizi moja. Sikujua kama anataka kunipiga na ndizi au nini.

"Mjinga wewe," akasema mwishowe. "Mjinga wa kutupwa. Yaani ulishindwa kuniambia, Mektrida, twende tukatembee?"

"Ningeanzaje?"

"Hivyo hivyo."

Nakwambia, siku niliyosimama mbele ya baba yake kuposa sikutetemeka namna ile.

"Mektrida," nikasema, "twende tukatembee."

Akainuka akaingia ndani. Nikamsikia anamwambia mke wa Filemon amalizie mtori. Akatoka na furushi lake, akanitwika mimi, kikapu akabeba yeye. Barabarani ile pikapu ya ndizi ilikuwa inageuza, dereva akatuita tupande bure, akamwuliza Mektrida paka ameendeleaje. Mektrida akamwambia amepona na kwamba sisi tunakwenda kwa miguu. Kutoka Marangu mpaka Mwika kwa kupitia Mamba, mtu mwenye haraka anatumia saa tatu. Sisi tulitumia tano, na ng'ombe tulimkuta analia hajakamuliwa.